Maswali ya Mkulima kwa Mtaka Kura

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi



Tulipoombwa na Kamati kusema maneno machache katika sikukuu hii, wenzetu wengi walidhani tutasoma hesabu za magunia. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na Mweka Hazina amezipanga vizuri kuliko ambavyo tungeweza sisi. Tumeona afadhali tuzungumze juu ya jambo ambalo hutujia kila baada ya miaka mitano likiwa na magari, bendera na ngoma, nalo ni mtu anayetaka kura zetu.

Wengi wenu mtakumbuka siku mgombea mmoja alipofika katika uwanja wa ghala letu. Tulikaa juani kwa muda wa saa moja na nusu. Alisema habari za amani, na habari za maendeleo, na habari za ukoo wa mama yake, ambao kumbe una udugu na nusu ya kata hii. Alipokwisha tukapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza juu ya daraja lililovunjika katika njia ya ghala, ingawa gari lake mwenyewe lililipita kwa kusukumwa. Hakuna aliyeuliza juu ya ushuru wa mazao, wala juu ya mizani. Nasi viongozi ndio tuliokuwa wa kwanza kunyamaza, maana tuliogopa kuambiwa kwamba ushirika umeingia katika siasa.

Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1937 Umoja wa Ushirika wa Ulimwengu ulipoandika kanuni za ushirika kwa kufuata desturi za wale wafumaji wa Rochdale, kanuni mojawapo ilikuwa kutoshikamana na upande wowote wa siasa wala wa dini. Kanuni zilitengenezwa upya mwaka 1966, na tena mwaka 1995, na siku hizi husema kwamba chama cha ushirika ni lazima kijitawale na kiwe huru. Sisi twakubali kanuni hiyo kwa moyo wote. Lakini kushikamana na mgombea ni jambo moja, na kumwuliza mgombea atafanya nini juu ya mazao yetu ni jambo jingine kabisa. Yule anayechanganya mambo haya mawili aghalabu ni yule asiyependa kuulizwa.

Basi tungependa kuwasimulia habari za wakulima wa mbali, wakulima wa ngano wa jimbo la North Dakota katika Marekani, ambao zaidi ya miaka mia moja iliyopita walikuwa na matata yanayofanana sana na yetu, nao wakatafuta dawa kwa kuwahoji wagombea wao. Tutayasema waliyoyapata, na hatutayaficha waliyoyaharibu.

Jimbo hilo liko kaskazini kabisa, mpakani na Kanada. Liliingia katika muungano wa majimbo ya Marekani mwaka 1889. Ni nchi ya tambarare, upepo na baridi kali. Kila jimbo la Marekani lina Baraza lake la Kutunga Sheria, mbali na Bunge kuu lililoko Washington. Na kwa mkulima wa kule Baraza hilo la jimbo ndilo lililogusa mfuko wake, kwa sababu ndilo lililotunga sheria za maghala, za mabenki madogo, za shule na za kodi ya ardhi.

Ngano yao karibu yote iliuzwa nje ya jimbo, hasa katika mji wa Minneapolis, ulio katika jimbo jirani la Minnesota. Reli ilikuwa mali ya makampuni. Maghala marefu ya nafaka yaliyosimama kando ya kila stesheni, mengi yalikuwa mali ya makampuni. Soko la nafaka la Minneapolis lilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe. Mkulima alipofikisha ngano yake, mtu wa ghala aliichota kwa mkono, akaitazama, akatamka kwamba hii ni gredi fulani na ina takataka kiasi fulani. Uzito wa takataka ukakatwa palepale. Kubishana hakukufaa kitu, kwa maana ghala la pili, kama lilikuwapo, lilisema vilevile. Tena ilionekana katika uchunguzi wa miaka hiyo kwamba maghala makubwa ya mwisho wa safari yalitoa ngano nyingi zaidi ya gredi ya kwanza kuliko waliyoipokea. Ngano iliingia ghalani ikiwa ya gredi ya chini, ikachanganywa na nyingine humo ndani, ikatoka imepandishwa cheo. Lakini mkulima alikuwa amekwisha kulipwa bei ya cheo cha kwanza kutajwa, yaani cha chini.

Hapa wazee wetu watakumbuka habari za nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma waliona kwamba wanapunjwa katika mizani ya wanunuzi, wakaweka watu wao wenyewe wa kuitazama mizani. Katika juhudi hizo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Fedha. Pamba si ngano, na Mwanza si Minneapolis, lakini mizani ni ileile.

Wakulima wa North Dakota walianza kwa njia ya adabu. Walitaka jimbo lao lijenge ghala kubwa la mwisho, litakaloendeshwa na serikali ya jimbo, ili ngano ipimwe na kupewa gredi na mtu asiye na faida ndani yake. Mwaka 1912 walipiga kura kurekebisha katiba ya jimbo ili ghala kama hilo liweze kujengwa katika jimbo jirani. Mwaka 1914 wakapiga kura tena ili liweze kujengwa kwao wenyewe. Mara zote mbili walishinda. Kumbe kushinda kura si kujenga ghala. Bodi iliyopewa kazi ya kutayarisha mipango ilitoa shauri kwamba ghala lisijengwe, na mapema mwaka 1915 Baraza la Kutunga Sheria likaukataa mradi huo. Wakulima waliokuwa wamekusanyika Bismarck, mji mkuu wa jimbo, walirudi makwao mikono mitupu. Ikasemekana kwamba mjumbe mmoja aliwaambia waende nyumbani wakalishe nguruwe wao. Mjumbe huyo alikana kusema hivyo, wala sisi hatuwezi kuamua baina yao. Lakini neno lilikwisha toka, nalo likaenda shamba kwa shamba, likafanya kazi kuliko hotuba mia.

Wanachama wenzetu, hapa ndipo tungependa tukae kidogo. Wajumbe walioukataa mradi hawakuteremka kutoka mbinguni. Walichaguliwa na wakulima walewale. Jimbo lile lilikuwa la wakulima, na mkulima wa huko alikuwa na desturi ya kumpa kura yake mgombea wa chama cha Republican kama baba yake alivyofanya. Alipofika mtaka kura, mkulima aliuliza, “Wewe ni wa chama gani?” Alipopata jibu aliridhika. Hakuuliza, “Mswada wa ghala ukiletwa mbele yako, utainua mkono upande gani?” Basi mjumbe aliinua mkono upande alioupenda, wala hakuwa amevunja ahadi yoyote, kwa sababu hakuna ahadi aliyotakiwa kuitoa.

Mwaka huohuo wa 1915 ukaanzishwa umoja ulioitwa Nonpartisan League, yaani umoja usiofungamana na chama cha siasa. Aliyeuanzisha ni mtu mmoja aitwaye Arthur C. Townley, aliyekuwa amelima kitani upande wa magharibi wa jimbo, kwa mkopo, mpaka bei ilipoanguka akafilisika. Alizunguka mashambani, na baadaye wasaidizi wake wakazunguka kwa magari ya Ford. Ada mwanzoni ilikuwa dola 2 na nusu, halafu ikapanda hadi dola 6 na zaidi. Na mkulima asiye na fedha mkononi alikubaliwa kuandika hundi yenye tarehe ya baada ya mavuno. Umoja ulikuwa na mambo matano tu. Walitaka maghala makubwa na vinu vya unga viwe mali ya jimbo. Ukaguzi wa gredi na wa takataka ufanywe na jimbo. Majengo na matengenezo ya shambani yasitozwe kodi. Iwepo bima ya jimbo dhidi ya mvua ya mawe. Na iwepo benki ya kuwakopesha wakulima bila kutafuta faida. Mambo matano mtu aweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akayakumbuka akiwa nyuma ya jembe.

Umoja haukuanzisha chama kipya cha siasa. Kwa sheria ya mwaka 1907, wagombea wa kila chama walichaguliwa kwanza na wapiga kura katika uchaguzi wa mchujo, si na wakubwa wa chama chumbani. Kwa hiyo wakulima waliingia kwa mlango huo uliokuwa wazi. Tarehe 22 Februari 1916 wanachama walikutana katika vijiji vyao kuwachagua wajumbe wa mikutano ya wilaya, na mikutano hiyo ikatafuta watu wa kusimama. Mtu hakujileta mwenyewe kuomba. Aliitwa, akasomewa mambo matano, akaulizwa kama anayakubali. Aliyesitasita aliachwa. Kwa cheo cha Gavana walimwita Lynn J. Frazier, mkulima wa Hoople aliyekuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha North Dakota, wala hakuwa na jina katika siasa.

Katika uchaguzi wa Novemba 1916 Frazier alipata karibu kura 4 katika kila 5. Katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, watu walioungwa mkono na Umoja walipata viti 81 kati ya 113. Mwaka huohuo kutu iliharibu ngano, punje zikawa nyepesi, na wanunuzi wakazipa gredi ya chakula cha mifugo. Profesa Edwin F. Ladd, mkemia wa Chuo cha Kilimo huko Fargo, alizisaga punje hizo, akaoka mkate, akaonyesha kwamba unga wake ulikuwa mzuri. Twapenda sana habari ya mkate huo. Mabishano ya miaka kumi juu ya gredi yalijibiwa na mtu mmoja mwenye kinu kidogo na tanuri.

Hata hivyo mambo hayakwenda upesi. Nusu ya maseneta wa jimbo hawakuwa wakigombea mwaka ule, na katika Seneti Umoja ulikuwa na watu 18 tu kati ya 49. Mwaka 1917 Seneti ikaukwamisha mpango wa katiba mpya. Sheria za gredi zilipita, na wanawake wakapewa haki ya kupiga kura kumchagua Rais na katika chaguzi za miji. Hili la wanawake twalitaja kwa makusudi. Katika vyama vyetu vya msingi wanawake hubeba magunia mengi kuliko wanaume, lakini katika vitabu vya kumbukumbu za mikutano majina yao ni haba.

Wakulima walingoja miaka miwili, wakauliza maswali yaleyale tena mwaka 1918, na safari hii wakapata mabaraza yote mawili. Mwaka 1919 zikatungwa sheria walizozitaka. Benki ya North Dakota ilifunguliwa tarehe 28 Julai 1919 kwa mtaji wa dola 2,000,000. Ikaanzishwa bima ya mvua ya mawe, na shirika la kinu na ghala. Walipakodi waliokuwa wakipinga walikwenda mahakamani, na mwaka 1920 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba jimbo lina haki ya kufanya kazi hizo.

Kama tungekomea hapa mngetupigia makofi, nasi tungekuwa tumewadanganya. Umoja ule ulikuwa na makosa yake, tena makubwa. Viongozi wake walizoea kuamua mambo wachache, na Townley, ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote kushika cheo cha serikali, alikuwa na nguvu kuliko waliochaguliwa. Fedha za wanachama ziliingizwa katika maduka ambayo hayakudumu. Shirika la jimbo la kujenga nyumba lilivuka mipaka ya gharama iliyowekwa na sheria, na mojawapo ya nyumba zilizovuka mipaka ilikuwa ya William Lemke, aliyekuwa kiongozi wa Umoja na baadaye Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Sheria iliagiza fedha zote za serikali za mitaa ziwekwe katika Benki mpya. Mwaka 1920 wapiga kura wakaiondoa amri hiyo, wenye hazina wa wilaya wakaanza kuzitoa fedha zao, na Benki ikatikisika. Wakati huohuo bei ya ngano ilianguka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mkulima aliyeona ngano yake haina bei na nyumba ya mkubwa imezidi kipimo, hakuhitaji mtu wa kumweleza ajisikie vipi.

Tarehe 28 Oktoba 1921 ikapigwa kura ya kuwaondoa madarakani kabla ya muda wao Gavana Frazier, Lemke, na John Hagan aliyesimamia kilimo. Wote watatu waliondolewa. Frazier alikuwa gavana wa kwanza katika Marekani kuondolewa kwa njia hiyo, kwa tofauti ya kura zipatazo 4,100. Lakini siku ileile, wapiga kura haohao waliulizwa pia kama mipango ile ivunjwe, Benki ikiwemo. Wakakataa. Waliwafukuza waendeshaji, wakaibakiza Benki. Gavana mpya, Ragnvald Nestos, ambaye alikuwa mpinzani wa Umoja, alikuwa amekwisha kuahidi kwamba mipango hiyo itapewa nafasi ya haki. Na ni katika utawala wake kinu cha jimbo kilipofunguliwa huko Grand Forks mwezi wa Oktoba 1922. Kwa miaka mingi ya mwanzo kinu kilipata hasara. Hata leo kinasaga, na Benki ya North Dakota ipo, na sehemu ya faida yao huingia katika hazina ya jimbo. Frazier naye, mwaka mmoja baada ya kufukuzwa, alichaguliwa kuwa seneta huko Washington, akakaa hadi 1941.

Twaomba muilinganishe siku hiyo na jambo lililotupata sisi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania vilivunjwa kwa uamuzi wa Serikali. Baadhi ya vyama hivyo vilikuwa na wezi, hilo hatukatai. Lakini mwanachama hakuulizwa maswali mawili, moja juu ya mwizi na moja juu ya chama. Vyote vikaondoka pamoja, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha, na katika muda huo maghala, malori na vitabu vilikuwa vimekwenda kwa wengine. Chama chetu hiki cha miaka kumi kimejengwa katika uwanja ambao wazee wetu waliwahi kujenga kingine.

Kwa hiyo Kamati imetutuma tulete shauri, nanyi mtalijadili katika vyama vyenu vya msingi. Kabla ya uchaguzi ujao wa madiwani na wabunge, kila chama cha msingi kikutane mchana, hadharani, kiandike maswali yake, yasizidi matano. Karatasi ileile ipewe kila mgombea wa kila chama cha siasa, aliye rafiki na asiye rafiki. Majibu yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu mbele yake, naye atie sahihi. Chama Kikuu hakitasema achaguliwe nani. Lori la Chama halitaazimwa kubeba watu wa mkutano wa siasa, wala senti moja ya wanachama haitatoka. Mjumbe wa Kamati anayetaka kugombea atajiuzulu kwanza, kisha ataulizwa maswali kama wengine; na tusimwonee haya kwa sababu tumekula naye ugali.

Maswali yenyewe tungependa yawe ya kushikika. Tusimwulize mtu, “Utatusaidiaje?” maana jibu la swali hilo kila mtu analo. Tumwulize kama katika bajeti ya kwanza ya Halmashauri atataka daraja la njia ya ghala litengewe fedha, na kama atakataa kupitisha bajeti isiyo na fedha hizo. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Tumwulize kiasi gani cha ushuru uliokusanywa katika kata hii kitarudi kutengeneza barabara za kata hii, na kama atatusomea hesabu hizo kila mwaka. Tumwulize kama atasimama upande wetu tutakapomwita mtu wa Wakala wa Vipimo aje kukagua mizani kabla ya msimu kufunguliwa, ikiwemo mizani yetu sisi wenyewe. Neno hili la mwisho limewaudhi baadhi ya makarani wetu. Twawaomba radhi, lakini hatulifuti.

Na baada ya miaka miwili na nusu kitabu kifunguliwe katika mkutano mkuu, majibu yasomwe kwa sauti, mwenyewe akiwepo au asipokuwepo.

Nakala za karatasi ya maswali ziko mezani kwa karani, karibu na mlango. Kila Mwenyekiti wa chama cha msingi achukue mbili, moja ya kuandikia na moja ya kuhifadhi, na azirudishe kabla ya mkutano wetu wa robo mwaka.